Je, wajua kwa nini ndege ya Dar hadi Mtwara hutumia saa nzima kwa kilomita 400 tu?

Kutoka Dar es Salaam hadi Mtwara kwa angani ni takriban kilomita 400. Pangaboi (ndege ya injini za mapanga) aina ya Q400 ikishakaa sawa juu hupita kilomita 600 kwa saa. Ukipiga hesabu unapata dakika 40, na pengine pungufu. Mbona tiketi inasema saa moja au zaidi?

Sababu moja ni nyepesi. Muda wa tiketi huanza ndege inapoondoka kwenye maegesho na huisha inaposimama kwenye maegesho ya pili, hivyo kujikokota hadi kwenye njia ya kurukia na kungoja zamu (Dar kuna foleni, Mtwara ni nadra) vyote vimo ndani.

Sababu kubwa ni kwamba ndege haikai kwenye kasi yake kamili kwa muda mrefu. Chini ya mita 3,000 hivi, kwa kawaida hairuhusiwi kuzidi kilomita 463 kwa saa. Na wakati wa kushuka, rubani hukadiria kwamba kila futi 1,000 (mita 300 hivi) zinahitaji maili tatu za baharini (kilomita 5.5 hivi) kwenda mbele. Aliye kwenye mita 7,000 anahitaji kilomita 130 hivi, kwa hiyo safari ya Mtwara huanza kuteremka kabla hata Lindi haijafikiwa. Kupanda nako kumeshakula kama kilomita 100. Kinachobaki cha kukimbia kweli ni kilomita 170 hivi, hakifiki nusu ya njia.

Ndiyo maana wanaodharau pangaboi kwenye njia hii wanakosea. Jeti kama Airbus A220 hupita kilomita 800 kwa saa, lakini kwenye kipande hicho cha kilomita 170 faida yake ni dakika nne hivi.

Kwa barabara mambo ni mengine: kama kilomita 560. Mstari ulionyooka kati ya miji hii miwili hupita zaidi baharini, kati ya delta ya Rufiji na kisiwa cha Mafia, kisha mashariki ya Songo Songo na Kilwa. Kukiwa hakuna mawingu, anayetoka Dar akae dirisha la kushoto aione Mafia. Barabara haina njia hiyo. Inazunguka bara kupitia Kibiti, inavuka Rufiji kwenye Daraja la Mkapa, inakamata Nangurukuru, Lindi na Mingoyo. Basi likienda kilomita 80 kwa saa bila kusimama popote, ni saa saba. Na hakuna basi lisilosimama. Mei 2024, baada ya kimbunga Hidaya, mafuriko yaliikata barabara hiyo maeneo ya Somanga, na mabasi yakakwama kabisa.

Wa Lindi mjini anayeshukia Mtwara ndiye mwenye hesabu ya ajabu: anapita karibu na kwao akiwa hewani, anatua, kisha anarudi kaskazini kwa gari kilomita 100 na ushei, kwa muda mrefu kuliko aliotumia kutoka Dar.