Anza na vitanda, uwanja baadaye: mji wa kati unapataje mashindano

Kila nikiitwa na meya au watu wa baraza la mji kuongelea jinsi ya kuleta mashindano kwao, kitu cha kwanza wanachonionyesha ni mchoro wa uwanja. Mchoro mzuri kabisa, paa limepinda, taa zinawaka, watu 40,000 wamejaa. Na mimi kabla sijaugusa huo mchoro nauliza swali moja tu, hapa mjini kuna vitanda vingapi ambavyo mtu akilala anaweza kufika uwanjani ndani ya dakika 20? Mara nyingi chumba kizima kinanyamaza. Anayejua idadi ya viti vya uwanja ambao haujajengwa yupo, anayejua idadi ya vitanda ambavyo vipo leo hayupo.

Hii kazi ya kuutangaza mji kwa wenye mashindano nimeifanya miaka mingi sasa, nimekaa upande wa wanaoomba na nimekaa upande wa wanaokagua, na naipenda kweli kwasababu mji wa kati, yaani ule ambao si jiji kubwa wala si mji mdogo, ukipata mashindano yanayoufaa unaona kabisa unavyoamka. Kwahiyo leo nieleze inavyokwenda, maana watu wengi wanadhani ni habari ya matangazo, video yenye drone na kaulimbiu. Video iwepo, sawa, lakini mnunuzi wako hanunui kwa video.

Na mnunuzi ni nani? Hapo ndo wengi wanakosea toka mwanzo, wanafikiri wanamuuzia shabiki au mtalii. Wewe unamuuzia shirikisho, yaani mwenye haki ya mashindano. Ni watu wachache, wengine hata hawazidi watano kwenye kamati, na kitu kinachowanyima usingizi ni aibu. Timu imefika saa 8 usiku basi halipo. Mechi imechelewa saa zima kwasababu umeme umekatika na jenereta haina mafuta. Chumba cha kupima dawa za kusisimua misuli kiko mbali na choo chake hakifungi. Wakishapitia hayo mara moja hawarudi, na wanaambiana wao kwa wao. Kwahiyo mji wa kati unachouza hasa ni utulivu, kwamba ukija kwetu mashindano yako ndo yatakuwa habari kubwa ya wiki hiyo, polisi anayajua, dereva wa basi anayajua, hospitali imeshatenga vitanda, na kama kuna tatizo mtu wa kulimaliza yuko umbali wa simu moja. Mashindano ya mpira wa mikono ya vijana ukiyapeleka kwenye jiji la watu milioni 10 yanazama, jirani wa uwanja mwenyewe hajui kama yapo.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni Indianapolis kule Marekani. Miaka ya 1970 ulikuwa mji ambao watu walipita tu, una mbio zao za magari mwezi wa 5 basi. Mwaka 1979 wakaunda Indiana Sports Corp, taasisi ambayo kazi yake ni kutafuta mashindano na kuyaandaa. Waangalie vizuri, hawakusubiri serikali iwatafutie. Michezo ya Pan American, ya nchi za mabara ya Amerika, ya 1987 ilipokosa mwenyeji baada ya miji iliyopewa kujitoa, wao walikuwa na viwanja tayari na watu tayari, wakaichukua. Mwaka 1999 makao makuu ya NCAA, chama cha michezo ya vyuo vikuu, yakahamia hapo. Na mwaka 2021 wakati wa korona, ilipotakiwa mashindano yote ya kikapu ya wanaume wa vyuo, timu 68, yachezwe sehemu moja, yakapelekwa jimbo hilohilo na mechi nyingi zikapigwa Indianapolis. Kwanini wao? Kwasababu hoteli zao za katikati ya mji zimeunganishwa na ukumbi wa mikutano kwa njia za juu zilizofunikwa, mchezaji anatoka chumbani anaenda mazoezini bila kukanyaga barabara. Zile njia hazikujengwa kwa ajili ya korona wala hakuna aliyeota korona, zilikuwepo miaka na miaka. Ni miaka 40 ya kujiandaa, siku moja ikaulizwa nani yuko tayari, wao wakanyosha mkono.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana hapa ndo napenda kukaa. Sisi kwenye kazi hii tunahesabu kitanda kwa usiku, kitanda kimoja kikilaliwa usiku mmoja unahesabu moja. Chukua mechi moja kubwa, watazamaji 15,000, ila 14,000 ni wa hapohapo au wa jirani, mpira ukiisha wanarudi kwao. Wanaolala ni 1,000, usiku mmoja, hesabu yako ni 1,000. Alafu chukua mashindano ya vijana ambayo hayatoki hata kwenye taarifa ya habari, timu 48, kila timu watu 18 pamoja na makocha, hao 864. Kila timu ifuatwe na wazazi 10 tu, 480. Jumla 1,344, wanakaa usiku 5. Hesabu imefika 6,720. Hao wote wanakula mara tatu kwa siku, wanapanda magari, wanaumwa meno, wananunua soksi. Na uwanja uliouhitaji ni nyasi nzuri na mistari na vyoo. Namba hizi ni za mfano, weka za kwako, lakini sijawahi kuona mji wa kati ambao ukiweka zake hesabu inageuka kuipendelea ile mechi moja.

Ndo maana nawaambiaga watu watafute mashindano ambayo washiriki ni wengi kuliko watazamaji. Vijana, maveterani, michezo ya vyuo, chess, triathlon (kuogelea, baiskeli na kukimbia kwa mpigo), mbio za barabarani.

Mbio za barabarani nizisemee kidogo kwasababu ni bidhaa ya bei nafuu kuliko zote na ndo inayoharibiwa zaidi. Barabara unazo tayari. Lakini kozi ikipimwa kwa gari au kwa simu, umeua mbio zako siku ya kwanza, maana muda wa mkimbiaji hautatambulika popote. Kozi inapimwa kwa baiskeli yenye kihesabio kwenye gurudumu la mbele, kwanza inasahihishwa kwenye kipande cha barabara kilichopimwa kwa tepu ya chuma, alafu mpimaji anafuata njia fupi kabisa ambayo mkimbiaji anaweza kupita, anakata kona kama wao watakavyokata. Na anaongeza mita 1 kwa kila kilomita ili isije ikaonekana fupi baadaye, kwahiyo marathoni ya kilomita 42.195 inaongezewa kama mita 42. Ukitaka rekodi ziwezekane kuna masharti mengine mawili, mwanzo na mwisho visitengane kwa mstari mnyoofu zaidi ya nusu ya urefu wa mbio, na mteremko usizidi mita 1 kwa kilomita. Mnakumbuka Geoffrey Mutai wa Kenya alivyokimbia saa 2:03:02 kwenye marathoni ya Boston, Marekani, mwaka 2011, muda ambao hakuna binadamu alikuwa ameufikia kwenye marathoni, na haikuandikwa kama rekodi ya dunia? Ni hilo tu, kozi ya Boston inaenda upande mmoja na inashuka. Boston wana jina kubwa wanaweza kuishi na hilo. Mji mpya unaotaka kujulikana uchore kozi yake ukiwa na hayo masharti mezani toka siku ya kwanza.

Hali ya hewa nayo ni sehemu ya uwanja. Mashindano ya dunia ya mbio za nyika yalipofanyika Mombasa Machi 24, 2007, watu walijaa kwa wingi na shangwe lilikuwa kubwa, ila joto na unyevu vilikuwa vikali kiasi kwamba Kenenisa Bekele wa Ethiopia, aliyekuwa ameshinda mbio ndefu miaka 5 mfululizo, alishindwa kumaliza na Zersenay Tadese wa Eritrea akashinda. Mji wenye joto unaweza kuandaa vizuri tu, lakini saa za kuanza, barafu, maji na madaktari viandikwe kwenye zabuni kabla shirikisho halijauliza. Ukiyaandika mwenyewe unaonekana mtu wa kazi, ukisubiri kuulizwa unaonekana ulikuwa unaficha. Na kuna wanaogeuza mazingira yao kuwa ndo kivutio chenyewe: Aarhus kule Denmark mwaka 2019 walipeleka mbio hizohizo za nyika juu ya paa la jumba la makumbusho la Moesgaard, paa lenye nyasi lililoinama kama kilima, wakimbiaji wanalipanda na kushuka kila mzunguko. Uwanja mpya haukujengwa, na picha zake bado zinazunguka.

Kuhusu kujenga, naomba niseme kwa sauti. Sheffield ya Uingereza ilijenga kwa ajili ya michezo ya wanafunzi wa dunia ya 1991, na deni likakaa zaidi ya miaka 30. Bwawa lao la Ponds Forge mpaka leo linafanya kazi na linaleta mashindano, hilo walipatia. Uwanja wa riadha wa Don Valley ulifungwa 2013 ukabomolewa, wakati deni bado linalipwa. Mji mmoja, mashindano yaleyale, majengo mawili, moja lilikuwa na watu wa kulitumia siku za kawaida na lingine halikuwa nao wa kutosha. Omaha kule Marekani walifanya tofauti kabisa. Mchujo wa Olimpiki wa waogeleaji wa Marekani walioupata 2008, 2012, 2016 na 2021, waliweka bwawa la muda ndani ya ukumbi wa mpira wa kikapu, mashindano yakiisha linang'olewa. Hakuna deni la bwawa ambalo halipo.

Na kujua kukataa ni sehemu ya kazi. Jimbo la Victoria, Australia, lilikubali kuandaa Michezo ya Jumuiya ya Madola ya 2026 kwa kuisambaza kwenye miji ya kati, Geelong, Ballarat, Bendigo na mingine. Wazo lenyewe mimi lilinifurahisha sana. Lakini vijiji vya wanamichezo na viwanja vya muda vikawa vingi, makadirio yakatoka dola bilioni 2.6 za Australia yakapita bilioni 6, Julai 2023 wakajitoa, na kumaliza mkataba wakalipa dola milioni 380. Glasgow ya Scotland ikaichukua kwa kuipunguza, michezo 10 tu, kwenye maeneo 4 ambayo tayari yapo, ndani ya ukanda wa kama kilomita 13. Ukisambaza kila kitu unakizidisha, ambulensi, walinzi, intaneti, jiko, vyote mara tano.

Mimi nimeshapoteza zabuni kwa sababu ndogo inayouma. Kuna mji mmoja nilikuwa nausaidia, kila kitu kilikuwa safi, hoteli zimesaini barua za bei, meya kaongea vizuri, mkaguzi anatabasamu. Akaomba kuona kalenda ya ukumbi. Tarehe zetu, siku mbili katikati, ukumbi ulikuwa umeshakodishwa kwa maonyesho ya biashara na pesa imeshapokelewa. Msimamizi wa ukumbi alikuwa anajua, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amemuuliza, wala mimi. Mkaguzi alifunga daftari lake kwa upole, akashukuru kwa chai, tukajua imeisha. Toka siku hiyo mtu wa kwanza ninayekaa naye kwenye mji wowote ni anayeshika kalenda ya ukumbi, meya baadaye. Nachora miezi 12, naona miezi ambayo hoteli ziko tupu, na naomba mashindano ya miezi hiyo tu. Hapo hoteli zinakupa bei nzuri kwa moyo, na wakazi hawalalamiki kwamba mji umejaa.

Siku ya ukaguzi nayo ina mambo yake. Watu wanaandaa ngoma na hotuba, mkaguzi ana tepu mfukoni. Nimeona anapima urefu wa kitanda kwa sababu timu inayokuja ni ya kikapu. Anapima mlango wa bafu kwa ajili ya kiti cha magurudumu. Anaangalia dari, maana voliboli ya dunia inataka mita 12.5 bila kitu chochote juu ya uwanja na kuna kumbi nyingi nzuri ambazo zinaishia mita 9. Anaomba apelekwe hotelini saa ileile ambayo timu itakuwa inatoka, foleni ikiwa mbaya kabisa, na anatazama saa yake hasemi kitu.

Mara ya mwisho tulikuwa kwenye bweni la chuo, ndo tulikopanga kuwalaza vijana 300. Mkaguzi mama mmoja mkimya sana akaingia bafuni, akafungua mabomba moja baada ya lingine mpaka yote yakawa yanatoka kwa pamoja, akasimama akisikiliza maji. Vijana wanaotoka mechini wanaoga kwa mpigo, alikuwa anataka kujua bomba la mwisho litatoa nini. Wenyeji walikuwa wameshalijaribu hilo wiki moja kabla, saa 12 jioni, bafu zote 20, na fundi aliandika kwenye daftari ndoo inajaa kwa sekunde ngapi kila bafu. Yule mama akaomba alione hilo daftari. Akalisoma ukurasa mzima, akalipiga picha, alafu akauliza timu zinaweza kuanza kufika Jumatatu au Jumanne.