Gogo la Chini Ndilo Linaloanza Kuugua

Kila kiangazi naacha karakana yangu ya useremala kwa wiki moja, nakwenda milimani Colorado, Marekani, kujitolea kukarabati nyumba kongwe za magogo. Ndugu zangu wa nyumbani huniuliza: fundi, jasho lote hilo bila malipo, tena kwa kibanda cha chumba kimoja?

Nyumba hizi hazisimami kwa misumari. Kila gogo huchongwa mkato nchani, likaketi juu ya mwenzake kwenye pembe, na uzito wa nyumba wenyewe ndio unaozikaza. Ufundi huu ulifika Marekani na Waswidi na Wafini walioanza kuhamia bonde la Mto Delaware mwaka 1638.

Ugonjwa huanzia chini. Maji ya paa yanaanguka, yanarukia gogo la kwanza, kisha theluji inaliegemea miezi kadhaa. Kwa macho utasema gogo ni zima. Ndiyo maana mgeni wa kujitolea hapewi shoka siku ya kwanza. Hupewa chuma chembamba chenye ncha. Anachoma gogo, anasogea kiganja kimoja, anachoma tena. Mti mzima unakataa. Uliooza unakimeza chuma kama andazi lililolowa chai, na ndani umekatikakatika vipande vya miraba, rangi ya kahawia.

Ninachokichukia kuliko mchwa ni saruji. Zamani mianya kati ya magogo ilijazwa vibanzi vya mti, ikakandikwa udongo au chokaa, kama tunavyokandika nyumba za fito kwetu. Kandiko la namna hiyo huachia unyevu utoke. Baadaye anakuja mtu mwenye nia njema na ndoo ya saruji. Gogo hutanuka na kusinyaa kufuata majira, saruji haifuati; ufa unafunguka kati yao, maji yanaingia, yanakaa humo. Mwaka jana nilibandua saruji ya namna hiyo, na gogo la nyuma yake nikalichota kwa mkono. Iliniuma, kwa sababu magogo ya juu yake bado yalikuwa na alama za shoka la aliyeyachonga.

Kubadilisha gogo la chini ni kazi ya jeki na subira. Tunainua milimita chache, tunasimama, tunasikiliza, tunainua tena. Ukiharakisha, mikato ya pembeni inapasuka. Tunakata sehemu iliyooza peke yake, hata kama kuondoa gogo zima ni rahisi zaidi. Kiraka kitoke kwenye mti wa aina ileile, kule aghalabu ni msonobari, nacho tunakichonga kwa tezo, chombo cha mpini chenye bapa lililolala kama la jembe. Upande usioonekana tunaandika mwaka, ili fundi atakayekuja baadaye asidhani ni kazi ya zamani.

Jeki zikishushwa, magogo hulia moja baada ya jingine mpaka pembe zikae. Hapo kila mtu hunyamaza, hata wale ambao Jumatatu hawakujua tezo inashikwaje.