Pampu ya mzunguko haipandishi maji ghorofani
Kwa nyumba za Ulaya zinazopashwa joto kwa maji, wengi huchagua pampu ya kuzungusha maji hayo kwa urefu wa jengo: mita 9 juu, pampu ya mita 9 (nguvu ya pampu hupimwa kwa mita za maji). Sivyo. Mabomba yakiwa yamefungwa na kujaa, maji yanayoshuka huyasawazisha yanayopanda. Pampu hupambana na msuguano tu.

Anza na mtiririko. Tuseme joto la kilowati 20, maji yakirudi yamepoa nyuzi 20, na 4.19 ni kilojuli za kupasha lita moja nyuzi moja: 20 ÷ (4.19 × 20) = lita 0.24 kwa sekunde, yaani kama 860 kwa saa. Jedwali la kibadilisha joto (kifaa kinachoyapa maji ya mabomba joto) likionyesha upotevu wa presha wa kilopaskali 20 kwa mtiririko huo, hiyo ni mita 2. Mabomba yakila mita 1, unahitaji mita 3. Ukizidisha, vali hupiga mluzi.

Radieta (kipasha joto cha chumba) ya juu ni baridi? Mara nyingi ni hewa, au presha ya maji yaliyojazwa kwenye mabomba haitoshi: kila mita ya urefu hudai baa 0.1.