Zinki Isiyolika Si ya Kufurahia

Ngalawa hupwelewa maji yakitoka, ikapata kukauka. Boti ya faiba iliyofungwa gatini Malindi au Mkoani haipati nafasi hiyo. Vyuma vyake vya chini hukaa majini usiku na mchana, na kinachoviharibu zaidi ni umeme.

Metali mbili tofauti zikigusana ndani ya maji ya chumvi, hufanya kazi kama betri: moja huliwa, nyingine husalimika. Mguu wa mashine ni wa alumini, na panga linalosukuma boti likiwa la stenlesi, mguu ndio unaoliwa. Kipande cha zinki, au cha alumini maalumu, hufungwa hapo ili kiliwe badala yake.

Wenye boti wengi wakipandisha chombo baada ya miezi wakakuta zinki ingali nzima, hufurahi. Mimi hushtuka. Zinki isiyolika haifanyi kazi. Ama imepakwa rangi (wapo wanaoipaka ipendeze!), ama imefungwa juu ya rangi na uchafu, haigusi metali. Kwangua pahala pa kuifungia mpaka pang'are, kaza bolti, usipake kitu. Ikiliwa nusu, badilisha. Kipande cha magnesi ni cha maji baridi, yaani yasiyo na chumvi; baharini huisha upesi mno. Tena, ukiinua mashine inua yote. Ncha ya mguu ikibaki majini na zinki iko juu, hakuna kinga.

Rangi ya chini yenye shaba isiguse alumini kabisa.

Kinachonitia hofu zaidi ni koki za kupitishia maji ya bahari. Mtu hununua koki ya manjano ya bomba la nyumbani kwa kuwa ni rahisi, akaifunga chini ya mstari wa maji. Metali hiyo ni shaba iliyochanganywa na zinki, na bahari huinyonya zinki polepole ikaacha shaba yenye vitundu. Kwa nje koki haijabadilika umbo, lakini siku ukiizungusha kwa nguvu hukatika mkononi na maji yakaingia. Ikwangue kwa kisu: ikionyesha wekundu mahali pa umanjano, itoe chombo kikiwa nchi kavu. Weka ya shaba iliyochanganywa na bati, au ya plastiki iliyotengenezwa kwa vyombo vya baharini.

Zinki ikiisha kwa wiki chache, usikimbilie kuongeza nyingine. Tafuta umeme unaovuja, ukianzia na waya wa pampu ya ngama (maji yanayojikusanya chini ndani ya boti), maana kiungo chake mara nyingi hulala majini. Zima kila kitu, chomoa waya wa chanya wa betri, weka mita ya ampea kati ya waya na betri. Ikisoma kitu, kuna kifaa au waya unaokula umeme. Chomoa fyuzi mojamoja ujue ni upi.

Boti inayovuta umeme wa gatini ina jambo la ziada: waya wa ethi, ule wa usalama unaopeleka umeme ardhini, huiunganisha na boti za jirani, na zinki yako ikawa inalinda vyuma vya watu. Kipo kifaa kinachofungwa kwenye waya huo kuzuia mkondo mdogo wa namna hii huku ethi ikibaki kazini. Kifungwe na fundi umeme. Wengine huukata waya huo wa ethi. Hilo ni marufuku: hitilafu ikitokea, anayegusa chuma cha boti, au anayeogelea karibu, anaweza kufa.