Kwa nini sifuti mchoro wa zamani

Rangi yangu nyekundu huisaga mwenyewe, hapa Dodoma, kutokana na ngeu, yaani udongo mwekundu wenye chuma, na wenzangu wengi huniuliza kwa nini ninajisumbua ilhali rangi za kopo zimejaa madukani. Jibu liko Kolo, wilayani Kondoa, kwenye miamba yenye michoro iliyoingizwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 2006.

Safari ya kwanza nilikwenda na daftari, nikanakili twiga, pofu na watu warefu wembamba, kama alivyofanya Mary Leakey mwaka 1951, ingawa yeye alikuwa mtafiti mwenye subira nami nilikuwa kijana mwenye pupa. Nakala zangu zilifanana na michoro ile lakini hazikuwa na uhai. Baadaye niligundua kwamba nilikuwa nimelitenga kila umbo kwenye karatasi tupu, ilhali mwambani mnyama mmoja amechorwa juu ya tumbo la mwingine, na juu ya wote wawili yamepakwa maumbo meupe ambayo kwa kawaida huhusishwa na wakulima Wabantu, waliofika baada ya wawindaji waliochora kwa rangi nyekundu. Mistari myekundu ni myembamba, ya mkono uliotulia. Ile myeupe ni minene, na mingi ilipakwa kwa vidole. Nyekundu imedumu zaidi kwa sababu oksidi ya chuma iliyomo kwenye ngeu haichujuki kwa jua na chembe zake laini hushika jiwe, ilhali nyeupe hukaa juujuu na kubanduka.

Waliofuata hawakufuta kazi ya waliotangulia. Naamini kilichotafutwa kilikuwa mahali penyewe, wala si nafasi tupu. Hata sasa Warangi hufanya matambiko Mungumi wa Kolo, mojawapo ya miamba hiyo yenye michoro.

Tangu hapo sianzi na kitambaa kitupu. Huchukua picha yangu ya zamani, nikapaka juu yake tabaka jepesi la ngeu iliyochanganywa na gundi ya mgunga, kiasi cha kuacha cha chini kionekane, na hapo ndipo penye kazi, kwa kuwa tabaka likizidi kidogo tu linameza kila kitu. Mwaka huu nimewachora wanawake wa Kigogo wakipiga ngoma ya muheme, na kati ya ngoma zao zinaonekana kwato za ng'ombe niliowachora zamani. Mteja aliniomba nizifunike. Nikamrudishia malipo yake ya awali, na picha ingali imeegemea ukuta, ikingoja tabaka la tatu.