Bahari ya pwani inavuta kaboni saa zote?

Kuna hii imani iko siku nyingi, Malindi hadi Lamu, kwamba bahari popote ilipo inavuta tu kaboni dayoksaidi ya hewani, haitoi. Ukichukua bahari zote duniani kwa jumla ni kweli, zinanyonya kama robo ya ile tunayozalisha binadamu, lakini maji ya karibu na ufuo yana mambo yake. Gesi inaenda kule ilikopungua, basi. Sasa angalia mto Sabaki unapoingia baharini wakati wa mvua, maji ya matope yamebeba majani na mabaki kibao, vijidudu vinayala vinatoa kaboni, na ikizidi ile ya hewani lazima itoke juu. Mikokoni Lamu pia, maji yakitoka yanabeba kaboni ya kwenye tope, ingawa mikoko yenyewe inaweka akiba kubwa ardhini (hili watu husahau). Ukiwa na kile kipimo cha pH cha wafuga samaki (kinachoonyesha asidi ya maji, asidi ikizidi namba inashuka), pima maji ya mkondo wa mikoko yakiwa yamekupwa, halafu pima yakijaa, mara nyingi ya kupwa yatasoma chini manake kaboni inaongeza asidi, ila usilinganishe ya mchana na ya usiku, mwani na nyasi za baharini zinavuta kaboni jua likiwepo tu.