Mwanao analia steringi kafa? Usihesabu damu, muulize kamlilia nani

Mwakeye wana Kigoma. Mimi ni mshauri nasaha, nafanya kazi na watoto na vijana kwenye taasisi moja hapa mjini, na zamu hii ya elimu kwa umma nimeomba mwenyewe niandike kuhusu kitu ambacho wazazi wengi wanakiona kidogo, yaani hizi katuni za kusoma za mashujaa wa Kimarekani, akina Superman, Batman na Spider-Man, na vile watoto wetu wanavyopokea mtu akiuliwa mle ndani. Zamani ilikuwa nakala moja imeshuka na treni ya Dar, inazunguka Mwanga nzima mpaka jalada linang'oka, sasa ivi mtoto anaazima simu ya kaka yake, anatumiwa faili kwa WhatsApp, anasoma peke yake usiku chini ya shuka na wewe hujui kasoma nini.

Wazazi wakija ofisini swali lao la kwanza ni damu. Kuna damu humo? Wanachinjana? Nawaelewa kabisa, na mkoa wetu umepokea watu wengi waliokimbia vita Burundi na Kongo, kuna watoto hapa damu wameiona kwa macho yao sio kwenye karatasi, kwaiyo mzazi anayeogopa picha za mapanga yuko sahihi. Ila kwa miaka niliyofanya hii kazi nimejifunza kwamba damu peke yake inatudanganya. Mtoto anaweza kupita kurasa ishirini za watu wanapigwa na maghorofa yanaporomoka asikumbuke hata mmoja, alafu kifo kimoja kisicho na tone la damu kikamlaza na njaa.

Angalia kifo cha Gwen Stacy. Huyu alikuwa mpenzi wa Peter Parker, ndo Spider-Man mwenyewe, na mwaka 1973, toleo namba 121, adui anayeitwa Green Goblin akamsukuma kutoka juu ya daraja New York. Spider-Man akarusha utando ukamdaka miguuni, na hapo msomaji kashashusha pumzi, maana wote tumekua tunajua steringi hafi na mtu wa steringi naye hafi, kumbe pembeni ya shingo ya yule binti pameandikwa kijineno kidogo tu cha mlio wa kitu kukatika. Basi. Hakuna damu, hakuna kelele. Anamvuta juu kwa furaha, anamkuta ameshakufa. Barua za hasira zilimiminika, na lawama kubwa akaibeba mwandishi Gerry Conway ambaye alikuwa hata miaka 21 hajafika. Toleo la 125 wahariri wakajibu kwenye ukurasa wa barua kwamba kilichomuua ni kule kusimamishwa ghafla na utando. Yaani mkono uliokuja kuokoa ndo umeua, na wasomaji wamebishana juu ya hilo miaka hamsini sasa, wengine wanasema muuaji ni Goblin kwa sababu yeye ndo kamtupa, wengine wanasema hapana, angemdaka vingine.

Ubishi huo mimi siuchukulii kama mambo ya katuni tu, kwa sababu nausikia kwa watoto wa hapahapa. Mtoto aliyefiwa anajiuliza hivohivo kimoyomoyo, ningemwita bibi asiende shamba, nisingemkasirisha mama siku ile, mimi ndo nimesababisha. Wengi hawasemi. Ukimkuta mtoto anabishana kwa uchungu kama Spider-Man ana hatia au hana, msikilize kwanza, usikimbilie kumwambia hizo ni stori za kutunga.

Kuna mtoto mmoja wa kiume, nimebadilisha vitu kadhaa asijulikane, miaka 11, mama yake alimleta hajala vizuri siku mbili, kampiga mdogo wake na simu ya kaka kaibamiza ukutani. Mama anasema mwanangu kaharibiwa na haya makatuni. Nikamwomba anisimulie tu alichosoma, sikumuuliza simu. Akanisimulia vizuri sana, Superman kapigana na dude linaitwa Doomsday, wamepigana mji mzima umebomoka, wakafa wote wawili, akazikwa, watu wakalia, alafu baadae akarudi. Mama akadakia, "Sasa baba, si amerudi, unalia nini?" Mtoto akasema, "Ndo hicho. Kwa nini yeye amerudi?"

Baba yake alikuwa mvuvi. Alitoka Kibirizi usiku na wenzake kuvua dagaa, giza lile lisilo na mbalamwezi ndo zuri kwa taa, upepo ukawakuta ziwani, wenzake wawili wakapatikana, yeye mpaka leo hapana. Hakuna kaburi. Na nyumbani walivyoona mtoto ni mdogo wakamwambia baba amesafiri.

Ndugu zangu, hapa naomba mnisome taratibu. Watoto wengi wakifika kati ya miaka 5 na 7 wanaanza kushika kwamba aliyekufa harudi, mwili umesimama, hasikii baridi wala njaa, lakini wanashika kama sisi tunawaambia. Ukisema amesafiri, msafiri anarudi. Ukisema amelala, aliyelala anaamka, na wapo watoto wanaanza kuogopa kulala kwa sababu hiyohiyo. Na msiba usio na maiti ni mgumu hata kwa mtu mzima, mtaalamu wa Marekani anaitwa Pauline Boss ameufanyia kazi msiba wa namna hiyo miaka mingi, mtu hayupo na hujamzika, moyo unabaki umeacha mlango wazi. Sasa juu ya mlango huo wazi mtoto anasoma stori ya mtu aliyezikwa kabisa na akarudi. Hakulia kwa sababu ya mapigano. Alilia kwa sababu alionyeshwa kitu anachokitamani kuliko vyote alafu akakumbuka yeye hakupata.

Na hii ya kufa na kurudi kwenye hizi katuni ni biashara, wazazi mjue. Kifo cha Superman kilitoka Novemba 1992, toleo namba 75, kuna nakala zilizouzwa kwenye mfuko mweusi na ndani kuna kitambaa cheusi cha kufunga mkononi kama mtu aliyefiwa, zikauzwa nakala zaidi ya milioni 6, mwaka uliofuata 1993 jamaa karudi. Captain America, shujaa mwingine wa hizi katuni, kapigwa risasi 2007, amerudi 2009. Msomaji mkubwa anajua mchezo, anasema subiri atarudi. Mtoto hajui, na mtoto aliyefiwa anajua nusu, na hiyo nusu ndo inayouma.

Kuna wazazi pia wana shida ya kinyume, kijana hashtuki, anashangilia, anasema auliwe tu. Mwaka 1988 wachapishaji wa Batman waliwapa wasomaji namba mbili za simu wapige wachague kama Robin wa pili, Jason Todd, afe au apone (Robin ni yule kijana msaidizi wa Batman), simu moja senti 50 za dola. Waliotaka afe 5,343, waliotaka apone 5,271. Kura 72 zikamuua mtoto wa watu. Je hao waliopiga simu ni wauaji? Hapana. Wengi walikuwa wanampenda Robin wa kwanza, Dick Grayson, huyu wa pili wakamuona kaja kukalia kiti cha mtu, tena mjeuri. Sisi tunaoishi kwenye nyumba za mama wa kambo na baba wadogo tunaijua hiyo hisia bila kufundishwa. Kijana akisema fulani afe, muulize kakukosea nini, utashangaa majibu.

Na wasichana wana lao. Mwaka 1994 kwenye katuni inaitwa Green Lantern mpenzi wa shujaa aliuliwa akakutwa kwenye friji, na mwaka 1999 mwandishi Gail Simone akaorodhesha wanawake chungu nzima wa kwenye katuni waliouawa, kuumizwa au kunyang'anywa uwezo wao, na kuuliza mbona ni wengi hivi. Mara nyingi mwanamke anaumizwa ili tu mwanaume apate hasira ya kulipiza. Binti yako akisoma hayo akanuna, ana haki ya kununa, na wewe mwambie hivo.

Kupiga marufuku kila kitu? Marekani walijaribu. Daktari Fredric Wertham aliandika mwaka 1954 kwamba katuni zinaharibu watoto, Seneti ya bunge lao ikakaa vikao, wachapishaji wakajiwekea kanuni kali mwaka huohuo. Baadae, 2012, mtafiti Carol Tilley alipitia makaratasi ya Wertham akakuta alikuwa anabadilisha maelezo ya watoto aliowahoji ili yakae anavyotaka yeye. Inaniuma kama mtu wa fani hii, kwa sababu watoto walifunguka kwake na sauti zao zikakatwa. Picha za ukatili mkubwa mtoto mdogo usimpe, hapo sibishani na mtu. Ila kunyang'anya simu bila kuuliza hakuondoi alichokwisha kukiona.

Kaa naye akusimulie mwenyewe. Uliza nani kafa na wewe umeumia wapi. Usimcheke hata kidogo. Kama kuna msiba nyumbani haujasemwa, sema sasa, kwa neno la kufa. Ukiona wiki mbili zimepita halali, hali, anaota vibaya, au anasema anataka kumfuata marehemu, hapo usisubiri hata siku moja, nenda kituo cha afya au ustawi wa jamii, na simu ya huduma kwa mtoto ni 116, bure.

Yule mtoto tuliendelea naye. Mama alimwambia ukweli, mjomba akawepo, wakaenda wote ufukweni asubuhi boti zikirudi, wakamuombea baba pale. Baada ya wiki kadhaa nikamtafutia katuni nyingine, ya 1982, ya Captain Marvel, shujaa ambaye hakuuliwa na adui yeyote, aliugua kansa akafa kitandani wenzake wamemzunguka, na stori inaishia palepale. Nilikuwa namtafsiria Kiingereza ukurasa kwa ukurasa. Tulipofika mwisho akarudisha nyuma mwenyewe mpaka kwenye ile picha ya kitanda, akawahesabu kwa kidole waliokuwepo, akasema, "Huyu alikuwa na watu wake," akaniomba akae nayo mpaka Ijumaa.